Soko la opsheni: Ijue tabia yako kabla ya kuweka fedha zako

Mwezi Julai 2019, Soko la Hisa la Nairobi nchini Kenya lilizindua NEXT, soko la mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei za hisa au fahirisi ya soko. Lilianza na mikataba ya siku za usoni, ambayo huwafunga mnunuzi na muuzaji kwa pamoja. Mkataba wa jamii hiyohiyo, uitwao opsheni, umeenea zaidi Marekani, na mwenye simu ya mkononi katika ukanda wetu anaweza kuufikia kupitia madalali wa ng'ambo. Je, unamfaa nani?

Opsheni ni nini?

Ni haki, wala si wajibu, ya kununua au kuuza mali kwa bei iliyokubaliwa hadi tarehe maalumu. Anayeipata haki hiyo humlipa ada yule anayeitoa. Biashara hii ilipata soko lake rasmi mjini Chicago mwezi Aprili 1973, kwa opsheni za kununua hisa za kampuni 16.

Tuchukue mfano. Hisa moja inauzwa shilingi 100. Unalipa ada ya shilingi 500 upate haki ya kununua hisa 100 kwa bei hiyohiyo. Bei ikipanda hadi 120, haki yako ina thamani ya shilingi 2,000, na faida yako ni 1,500. Bei isipopanda hadi tarehe ya mwisho, umepoteza 500 na si zaidi. Muuzaji wa haki hiyo yuko upande wa pili: kikomo cha faida yake ni ile 500, lakini bei ikifika 200 naye hana hisa hizo, hasara yake ni shilingi 9,500.

Tabia tatu, njia tatu

Asiyepata usingizi kwa hofu ya hasara, na tayari anamiliki hisa, anaweza kununua haki ya kuziuza kwa bei fulani. Ada yake ni kama ya bima: mara nyingi huilipa bila kudai kitu.

Mwenye subira, anayeridhika na mapato madogo, anaweza kuuza haki ya kununuliwa hisa alizo nazo. Hupokea ada, ila husamehe faida bei ikipaa, na hisa zikishuka hasara bado ni yake.

Anayetafuta faida kubwa hununua opsheni. Huyu sharti avumilie kushindwa mara nyingi, tena akumbuke kwamba muda ni adui yake: utabiri uliotimia baada ya tarehe ya mwisho haumlipi chochote.

Funzo la Barings

Kuuza opsheni bila kinga huwavutia wengi, kwa kuwa ada huingia mara kwa mara na hasara huonekana iko mbali. Nick Leeson, mfanyakazi wa benki ya Barings ya Uingereza huko Singapore, aliuza haki za kununua na za kuuza zilizotegemea fahirisi ya Nikkei ya Japani, akitarajia soko litulie. Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliikumba Kobe na soko likaporomoka. Badala ya kukubali hasara, aliongeza dau. Hasara ilifikia pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikafilisika.

Ufanye nini?

Kabla ya kununua chochote, andika mambo matatu: kiasi unachoweza kukipoteza bila kugusa karo wala chakula cha nyumbani, siku utakayotoka, na sababu ya kuingia. Fanya majaribio ya karatasi kwa miezi kadhaa, bila fedha, ukijichunguza unavyojisikia bei inapokugeuka. Hakikisha pia kwamba dalali ana leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji.

Ukigundua kwamba hasara hukusukuma kuongeza dau, soko hili halikufai. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.