Tangazo la ruta: bure kwa bando, ghali kwa betri

Pakiti moja ya tangazo la ruta katika IPv6 ina baiti 128. Humo mna kichwa cha IPv6 (40), tangazo lenyewe (16), anwani ya kadi ya ruta (8), kipimo cha pakiti kubwa inayoruhusiwa (8), sehemu ya mwanzo ya anwani za mtandao (32) na anwani ya seva moja ya majina (24). Kwa viwango vilivyowekwa na RFC 4861, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 2007, ruta hulirudia tangazo hilo kwa nafasi isiyotabirika kati ya sekunde 198 na 600. Wastani ni sekunde 399. Kwa siku hupatikana matangazo 216, yaani kilobaiti 28. Mwezi mzima haufikishi megabaiti moja, na hata hiyo haigusi bando, kwa sababu tangazo haliruhusiwi kuvuka ruta kwenda nje.

Kwa hesabu hiyo mtu angefunga daftari na kusema huduma hii haina gharama. Gharama ipo, ila haimwangukii aliyefunga ruta.

Tuiweke hesabu mahali panapojulikana. Kigwa ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Wasafiri Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Kwenye njia hiyo msafara ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na wito wake wa safari uliwafikia wapagazi wote kwa pamoja, aliyelala na aliyekwisha kuamka. Tangazo la ruta hufanya kazi vivyo hivyo: linatumwa kwa anwani ff02::1, ambayo kila kifaa kwenye mtandao ule hulazimika kuisikiliza.

Sasa tufanye kwamba kuna mtandao wa waifai unaohudumia zahanati, ofisi ya kata na maduka ya karibu, wenye simu 40 zinazoshinda humo. Mfano huu ni wa kukokotolea tu, lakini namba zake zitamfaa yeyote anayefunga mtandao wa namna hiyo, Kigwa au kwingineko.

Kinachofanyika chinichini

Kwenye Linux kazi hii hufanywa na programu iitwayo radvd. Kwenye mifumo kadhaa ya BSD hufanywa na rtadvd, iliyotoka kwenye mradi wa KAME wa Japani, na kwenye ruta ndogo za OpenWrt mwenye kazi ni odhcpd. Zote ni za bure. Zinakaa chinichini na kuviambia vifaa mambo matatu: ruta ni mimi, anwani zenu zianze hivi, na maneno yangu yana uhai wa muda huu. Kifaa kikishasikia hujitengenezea anwani chenyewe.

Upande wa umeme nao ni mwepesi. Ruta ya wati 6 ikiwaka siku nzima hula uniti 4.32 kwa mwezi. Kwa bei ya umeme ya daraja la T1 ya mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni kama shilingi 1,261. Ruta ingewaka hata bila matangazo, kwa hiyo sehemu inayostahili kuandikwa kwa programu hii ni karibu na sifuri.

Namba mbili zilizonakiliwa

Mifano mingi ya usanidi wa radvd inayozunguka mitandaoni ina sekunde 3 kama nafasi ya chini na 10 kama nafasi ya juu. Namba hizo zinamfaa fundi anayejaribu, kwa sababu hataki kungoja dakika kumi ili aone kama kazi yake imekubali. Akiridhika huondoka, na namba hubaki.

Wastani wa 3 na 10 ni sekunde 6.5. Matangazo yanaruka kutoka 9 kwa saa hadi 554, na kutoka 216 kwa siku hadi zaidi ya 13,000. Kwa baiti bado si kitu, megabaiti 1.7 kwa siku ndani ya waifai. Taabu ni kwamba simu iliyolala mfukoni huamshwa ili isome kila tangazo.

Tuchukue simu inayovuta miliampea 5 ikiwa imelala. Ikiamshwa, ivute miliampea 200 za ziada kwa robo sekunde kisha irudi kulala. Matangazo 554 kwa saa yanaiweka macho sekunde 138 katika kila saa, na wastani wa umeme unaovutwa unaongezeka kwa miliampea 7.7. Matangazo yameshinda usingizi wenyewe. Betri ya 3,000 mAh, ambayo kwa kulala tu ingedumu saa 600, sasa inakwisha kwa saa 236.

Kwa simu moja nyongeza ni 185 mAh kwa siku. Kwa simu 40 ni 7,400 mAh, zaidi ya betri mbili nzima zinazotupwa kila siku bila mtu kupiga simu wala kufungua ukurasa. Kwa viwango vya kawaida vya sekunde 198 na 600, simu hizo 40 zingepoteza 120 mAh. Nafasi ya juu ikipandishwa hadi sekunde 1,800, na ya chini ikawa 594, matangazo yanashuka hadi 3 kwa saa na hasara ya simu zote 40 inabaki 40 mAh. Kati ya mpangilio wa kwanza na huu wa mwisho tofauti ni kama mara 185, na kilichobadilika ni mistari miwili ya faili.

Wahandisi wa IETF, chombo kinachoandika kanuni hizo za intaneti, waliliona jambo hili. RFC 7772 ya Februari 2016 inapendekeza tangazo la wote lisizidi 7 kwa saa kwenye mitandao ya vifaa vya betri, ili matangazo yasile zaidi ya asilimia 2 hivi ya umeme wa simu iliyolala. Ukipiga hesabu, hata viwango vya kawaida vya 2007, vyenye 9 kwa saa, vimevuka kidogo. Kwa mtu mwenye soketi kando ya kitanda hilo ni dogo. Kwa anayelipia kuchaji simu dukani, au anayengoja jua lishike paneli, kila mAh ina bei.

Watu wakiongezeka mara kumi

Kuna tangazo la pili, lile la kuombwa. Simu ikiingia kwenye waifai hutuma ombi: ruta iko wapi? Ruta inaweza kumjibu mwombaji peke yake, au kuwajibu wote.

Watu 40 wakiingia mmoja baada ya mwingine, na kila jibu likaenda kwa wote waliokwisha kuwamo, simu zitaamshwa mara 820. Majibu yakienda kwa mwombaji tu, ni mara 40. Siku ya mnada wakaingia watu 400, hesabu ya kwanza inafika 80,200 na ya pili 400. Watu wameongezeka mara kumi, kero imeongezeka karibu mara mia. Sheria ya kuacha sekunde 3 kati ya matangazo ya wote hupunguza kidogo wanapoingia kwa kundi, lakini mkondo unabaki uleule. Kwenye radvd dawa ni mstari mmoja, AdvRASolicitedUnicast, uwe umewashwa. Hakuna mstari wenye faida kubwa kuliko huo kwa mtandao wa mkusanyiko.

Umeme ukikatika

Namba nyingine zenye gharama ni za uhai. Programu ikizimwa kwa utaratibu hutuma tangazo la kuaga lenye uhai wa sifuri, na vifaa vinaiacha ruta mara moja. Umeme ukikatika, ruta haiagi. Kwa viwango vya kawaida vifaa vina ruhusa ya kuiamini kwa sekunde 1,800, nusu saa nzima. Simu nyingi hugundua mapema kwamba ruta haijibu na kuhamia ruta ya akiba kama ipo, lakini anwani zilizotokana na ruta iliyozimika hubaki.

Uhai wa anwani katika viwango hivyo vya 2007 ni mrefu mno: siku 7 za kupendelewa na siku 30 za kukubalika. Umeme ukirudi na mtoa huduma akaipa ruta sehemu mpya ya anwani, ruta isiyokumbuka ya zamani haitaifuta. Simu inabaki na anwani mbili, moja hai na moja mfu, na huweza kuitumia ile mfu. Mwenye simu ataona alama ya waifai imejaa, na kurasa hazifunguki. RFC 9096 ya Agosti 2021 inapendekeza ruta za wateja zitangaze dakika 45 za kupendelewa na dakika 90 za kukubalika. Siku 30 kushuka hadi dakika 90 ni mara 480.

Namba hizi zinaingiliana vizuri. Nafasi ya juu ikiwa sekunde 1,800, uhai wa ruta wa sekunde 5,400 unaruhusu tangazo moja au mawili kupotea hewani bila mtandao kuanguka. Ukifupisha uhai bila kuangalia nafasi ya matangazo, vifaa vitaisahau ruta iliyo hai.

Bajeti yenyewe

Leseni, sifuri. Bando, sifuri. Umeme wa programu, karibu sifuri. Kazi ya fundi, mistari michache: nafasi ya juu 1,800, nafasi ya chini 594, uhai wa ruta 5,400, uhai wa anwani 2,700 na 5,400, na jibu la ombi liende kwa mwombaji. Pale swichi inapoweza, iwashwe pia RA-Guard, iliyoelezwa katika RFC 6105 ya mwaka 2011, ili kompyuta ya mgeni isijitangaze kuwa ruta na kuwapoteza wengine njia.

Halmashauri, zahanati au kikundi kinachopokea mtandao mpya kisitie saini kwa kuona tu kwamba ukurasa umefunguka. Kimtake fundi aoneshe namba hizo kwenye faili, kisha azime ruta kwa kuchomoa waya, airudishe, na simu zilizokuwa zimeunganishwa zijaribiwe tena palepale. Jaribio hilo ni la dakika chache. Wenye simu hawana njia ya kuifikia faili ile, wala ya kujua kwa nini betri inakwisha mapema, na ndiyo maana ni haki yao kwamba anayepokea kazi kwa niaba yao aidai.