Msimamizi wa Ujenzi na Aachwe Apime kwa Haki

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii hutujia akilini kila tuonapo jengo la umma lililosimama nusu, kuta zimeota majani, mwenye mradi akimlaumu mkandarasi na mkandarasi akimlaumu mwenye mradi. Lakini katika mkataba wa ujenzi yumo mtu wa tatu asiyepasa kuvutia upande wo wote, naye ni msimamizi wa mkataba, awe mhandisi au msanifu wa majengo.

Kazi ya mtu huyu ni ya namna mbili. Kwanza, ni wakala wa mwenye mradi: humshauri na kumkagulia kazi. Pili, ni mpimaji: ndiye atiaye sahihi hati ya malipo, na ndiye aamuaye kama mkandarasi astahili kuongezewa muda, au kama ukuta ubomolewe. Katika kazi hii ya pili, ingawa ujira wake hutoka kwa mwenye mradi, hana bwana ila mkataba.

Jambo hili si geni. Mwaka 1913, katika kesi ya Hickman na Roberts, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, lilichunguza mwenendo wa msanifu aliyezuia hati ya malipo kwa amri ya wateja wake, akamwambia mkandarasi aende akaonane nao. Iliamuliwa kwamba hati zake hazikumfunga mkandarasi, kwani mtoaji alikwisha poteza uhuru wake. Mwaka 1974, katika kesi ya Sutcliffe na Thackrah, Baraza hilo hilo liliangalia upande wa pili: msanifu aliyeidhinisha malipo kwa kazi mbovu hakuruhusiwa kujificha nyuma ya kinga ya hakimu, bali alipaswa kujibu kwa uzembe wake. Basi asiyempendelea tajiri asimpendelee na fundi.

Masharti ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, yanafuata njia hiyo. Toleo la 1987 lilimtaka mhandisi asipendelee. Lile la 1999 lilikiri kwamba hufanya kazi kwa niaba ya mwenye mradi, likabakisha sharti la kuamua kwa haki. Toleo la 2017 linamtaka asiegemee upande anapoamua madai, wala halitaki aombe kwanza idhini ya mwenye mradi.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Saruji na nondo hutufikia kwa chombo. Bahari ikichafuka, kazi husimama. Je, siku hizo ni kosa la mkandarasi? Swali hilo hujibiwa na mkataba, si na simu kutoka ofisini.

Tena, mwenye mradi akiwa ni Serikali, na msimamizi akiwa mtumishi wa wizara ile ile, hatari huzidi. Mkubwa wake akimwagiza azuie hati kwa kuwa fungu limekwisha, au aitoe kabla ya sherehe ya ufunguzi ilhali dari linavuja, atakataa kwa ulimi gani? Kama fedha hazipo, aliyeahidi kulipa na aseme hivyo waziwazi. Asiifiche aibu yake nyuma ya kalamu ya mtumishi mdogo. Mkandarasi ajuaye kwamba hatapimiwa kwa haki hupandisha bei mapema ili ajikinge, na mlipaji wa bei hiyo ni mwananchi.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara mambo matatu. Mipaka ya madaraka ya msimamizi iandikwe katika mkataba kabla ya zabuni, isipunguzwe baadaye kwa siri. Maagizo yote kwake yawe kwa maandishi. Na anayekataa kutia sahihi uongo alindwe, asihamishwe.

Mtoto anayeketi chini ya dari la skuli hamjui mkandarasi wala katibu. Usalama wake umo katika sahihi ya mtu mmoja. Sahihi hiyo na ibaki safi.