Simu ya Kiinua Mgongo

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu aliyeketi barazani Mkunazini, katika Mji Mkongwe. Simu yalia. "Shikamoo mzee. Kiinua mgongo chako kilihesabiwa pungufu. Bonyeza namba nitakazokutajia, kisha utie namba yako ya siri, fedha ziingie kabla ofisi haijafungwa."

Kinachomponza msikilizaji si ujinga. Aghalabu fedha hizo kweli anazidai, au anaamini anazidai. Tapeli hukuta mlango umekwisha funguliwa. Haraka nayo humnyima nafasi ya kumwuliza hata mwanawe.

Hebu tuutazame mtambo wenyewe. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, hesabu ya mteja huwekwa katika kompyuta za kampuni, wala si ndani ya simu yake. Fedha zinapoingia, kompyuta huongeza hesabu bila kumwuliza mpokeaji lolote. Namba ya siri hutakiwa anapotuma, anapotoa, au anapotazama salio lake. Basi mzee wetu, kwa kufuata maelekezo yale, angekuwa anatuma fedha kwa kidole chake mwenyewe huku akidhani anapokea! Ujumbe wa maandishi usemao fedha zimeingia nao si ushahidi, kwani yeyote aweza kuuandika. Salio ndilo shahidi.

Na akate simu, aende mwenyewe kuuliza katika ofisi inayomlipa. Namba ya tapeli aiarifu kwa ujumbe kwenda 15040. Iwapo fedha zimekwisha toka, apige 100 papo hapo, kabla hazijatolewa upande wa pili.