Neno "Ndugu" katika Daftari la Wanachama

Katika madaftari ya vyama vingi, mahali pa kuandika mteule, yaani mtu atakayelipwa hisa na akiba za mwanachama akifariki, huonekana neno moja tu: "ndugu". Pengine hata jina halipo. Yafaa makatibu wafahamu upana wa neno hilo.

"Ndugu" ni neno la Kibantu, wala halibagui mume na mke. Kwanza ni mtu na mwenziwe waliozaliwa tumbo moja. Kisha ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Kisha watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Mtoto wa mjomba au wa shangazi huitwa binamu, ingawa neno hilo kwa asili yake ya Kiarabu ni mwana wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Hivyo nalo si la kutegemewa daftarini. Wapo pia ndugu wa kunyonya, na zamani walikuwapo ndugu wa kuchanjiana, walioonjana damu ili wasafiri na kufanya biashara bila kudhuriana. Tena, tangu siku za TANU, "Ndugu" limetangulia jina la mkulima na la waziri sawasawa. Ni desturi njema, lakini haithibitishi ukoo.

"Jamaa" latokana na Kiarabu, na maana yake ya awali ni kundi la watu waliokusanyika. Mzizi wake umezaa pia jamii, jumuiya na Ijumaa. Waswahili wakalifanya kuwa watu wa ukoo, na Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alitaka udugu wa nyumba moja upanuliwe hadi taifa zima. "Ushirika" nao una asili ya Kiarabu, lakini ni kuwa na fungu katika jambo. Ujamaa mtu huzaliwa nao. Ushirika huuingia kwa fungu lake, na fungu hilo huandikwa.

Basi mwanachama akifariki, huja ndugu watatu ofisini, na kila mmoja asema kweli. Mjane, ambaye kwa lugha si ndugu bali mke, husimama mlangoni, ilhali huenda ndiye aliyepalilia shamba lile lililoleta akiba hiyo.

Katibu aandike majina kamili ya mteule, kisha uhusiano bila kufupisha: "mke", "binti", "ndugu wa kike, mama mmoja", "mtoto wa baba mdogo". Mwanachama atie saini au dole gumba mbele ya mashahidi. Maandishi ya zamani yasahihishwe wenyewe wangali hai. Msimu wa malipo, ambapo kila mtu hufika ofisini bila kuitwa, ndio wakati wake.