Kwenda Nyumbani Karibu, Kurudi Mbali

Ndugu zangu wa Dar es Salaam huniuliza Arlington, huku Marekani ninakoishi, ni umbali gani, nao hutaka kilomita. Mimi dereva wa teksi huwajibu kwa saa. Kilomita ni zilezile kwenda na kurudi; saa hazifanani.

Kutoka uwanja wa ndege wa Dulles huku kwetu hadi Dar, njia iliyonyooka ni karibu kilomita 12,800, wala hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Wengi wetu hupitia Addis Ababa: kilomita 11,500 hivi kwa mruko mmoja wa saa kama 13, kisha 1,760 hadi Dar, chini kidogo ya saa tatu. Kupitia huko kunaongeza kilomita 500 tu.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Uwanja wa Bole, huko Addis, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa watu, mizigo na mafuta ya safari yote haiwezi kunyanyuka na uzito huo. Tena pepo za juu angani huvuma kutoka magharibi: humsukuma anayekwenda Afrika, humzuia anayekuja Marekani. Kwa hiyo ndege ya Ethiopia imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta. Imewahi kutumia Dublin, na Lomé pia. Nairobi iko chini zaidi, mita 1,600 na kitu, na tangu Oktoba 2018 Kenya Airways huruka kutoka huko hadi New York bila kutua, saa kama 15.

Wageni wangu hushangaa nikiwapeleka Dulles, kama kilomita 40, ilhali uwanja wa Ronald Reagan uko hapahapa Arlington. Sheria imeubana: ndege zake zisizidi maili 1,250, yaani kilomita 2,012, isipokuwa safari chache zilizoruhusiwa na Bunge, kama za Los Angeles na Seattle. Lengo lilikuwa safari ndefu zihamie Dulles, uliofunguliwa 1962. Tangu Novemba 2022 treni nayo inafika huko kutoka mtaa wa Rosslyn hapa Arlington, na sisi madereva tumeyaona matokeo yake.

Tiketi nayo ina hesabu zake. Muda wake huhesabiwa tangu ndege inapoachana na lango hadi inapofika lango jingine, foleni ya kuruka ikiwemo. Na saa zilizoandikwa ni za kila mji. Tuseme unaondoka Dulles saa tano asubuhi, unafika Dar kesho yake saa saba mchana. Usihesabu saa 26. Toa saba za tofauti ya majira, au nane wakati wa baridi huku. Ukitoa saba zinabaki 19: 16 za ndani ya ndege, tatu za kusubiri Addis.