Kilichopimwa na Kilichowaziwa: Mfano wa Sayari HD 189733 b

Sayari iitwayo HD 189733 b iligunduliwa mwaka 2005 na wanafalaki waliofanya uchunguzi katika kituo cha Haute-Provence, nchini Ufaransa. Iko umbali wa miaka ya nuru 64 hivi kutoka Dunia, na hakuna aliyewahi kuona uso wake. Hata hivyo, sifa zake kadhaa zimepimwa. Kila baada ya siku 2.2 hupita mbele ya nyota yake, na mwanga wa nyota hiyo hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 2. Kwa upungufu huo ukubwa wake ulihesabiwa, ukaonekana kuipita Mshtarii kidogo. Joto lake hukaribia digrii 1,000 za Selsiasi.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba darubini ya Hubble imetambua rangi yake. Sayari ilipojificha nyuma ya nyota, mwanga wa buluu ulipungua, ilhali ule wa kijani na mwekundu haukubadilika dhahiri. Basi ikahitimishwa kuwa sayari ni ya buluu. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa pepo zake huvuma kwa kasi ya kilomita 2 hivi kwa sekunde.

Hapo ndipo kipimo kinapokoma. Wataalamu hukisia kwamba buluu hiyo huenda inatokana na chembe za silika, ambayo ndiyo asili ya kioo. Juu ya kisio hilo pakajengwa taswira: msafiri angefika huko, angechanwachanwa na mvua ya vioo inayorushwa ubavuni na upepo. Mvua hiyo haijapimwa na mtu yeyote.

Suala hili linawahusu wanalugha pia. Kiswahili kina zana za kulinda mpaka huo: "imepimwa", "inakadiriwa", "huenda" na kiambishi -nge-, kila kimoja na uzito wake. Habari inaponakiliwa mara kwa mara, "ingenyesha" hugeuka "inanyesha", na dhana ikavikwa joho la ushahidi. Taswira haistahili kufukuzwa, kwani bila yake tarakimu hubaki kavu akilini mwa msomaji. Inatosha mwandishi au mfasiri wa sayansi akiteua kitenzi kwa uangalifu, ili msomaji ajue ni wapi darubini ilipoishia na wapi ubunifu ulipoanzia.