Kuhakiki Data za Matumizi ya Serikali Kabla ya Kuziingiza Kwenye Hifadhidata

Mwaka 2010 serikali ya Uingereza iliziagiza wizara zake zichapishe orodha ya malipo yote yanayozidi pauni 25,000, na halmashauri za mitaa nazo zikatakiwa kutangaza malipo yanayozidi pauni 500. Hatua hiyo iliwawezesha raia kujua kodi zao zinalipwa kwa nani, lakini kwa kuwa orodha hizo ziliandaliwa na ofisi nyingi, kila moja kwa mtindo wake, waliotaka kuzikusanya mahali pamoja, kama walivyofanya OpenSpending, mradi wa taasisi ya Open Knowledge Foundation, walihitaji kwanza kuzihakiki, yaani kuchunguza kama kila faili limetimiza masharti ya kupokelewa. Uhakiki huu hauna budi kutangulia, kwa sababu kosa likishaingia katika hifadhidata huyeyuka ndani ya jumla, na msomaji wa jumla hiyo hana njia ya kuliona.

Data za aina hii kwa kawaida huhifadhiwa katika mafaili ya CSV, ambayo ni maandishi matupu: kila safu mlalo hubeba muamala mmoja, na thamani zake hutenganishwa kwa alama ya mkato. Wepesi wa muundo huu ndio pia udhaifu wake. Karani akiandika 25,000 bila kukizungushia kiasi hicho alama za kunukuu, kompyuta husoma thamani mbili, 25 na 000, na kila kinachofuata katika safu hiyo husogea nafasi moja kutoka mahali pake.

Kosa kama hilo hukamatwa na programu ya mstari wa amri, ambayo haina vitufe wala picha, bali huendeshwa kwa kuandika agizo kwenye dirisha la maandishi. Frictionless, programu iliyotokana na taasisi hiyohiyo, huagizwa hivi: frictionless validate matumizi.csv. Nayo hujibu kwa kutaja safu yenye kasoro na aina ya kasoro yenyewe, iwe ni safu tupu, kichwa kilichorudiwa au thamani iliyozidi. Agizo hilo laweza pia kuunganishwa na kazi nyingine za kompyuta, hivi kwamba faili likikataliwa, uingizaji husimama wenyewe.

Hata hivyo, programu isiyopewa mwongozo hukisia aina ya data kwa kutazama sampuli ya safu za mwanzo, na safu wima ya fedha iliyochanganyika na maneno yaweza kuhesabiwa kuwa maandishi tu, ikapita bila kuulizwa. Kinga yake ni skima, yaani maelezo yanayosema mapema kwamba kiasi lazima kiwe nambari, tarehe lazima iwepo, na nambari ya utambulisho ya muamala isijirudie, maana malipo yaliyoandikwa mara mbili huongeza matumizi ambayo hayakufanyika.

Tarehe zinastahili uangalifu wa pekee. Maandishi 03/04/2011 kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili, ilhali programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huyasoma kuwa tarehe 4 Machi. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali ya Uingereza huanza tarehe 1 Aprili, tofauti hiyo huhamisha malipo kutoka mwaka mmoja wa bajeti hadi mwingine. Tarehe zote mbili ni halali, kwa hiyo hakuna chombo kitakachopiga kelele isipokuwa skima iwe imedai mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, unaotanguliza mwaka: 2011-04-03.

Uhakiki wa namna hii hupima umbo la data, haupimi ukweli wake. Malipo ya uongo yaliyoandikwa kwa usafi yatapita, na kampuni moja iliyoandikwa kwa majina mawili itahesabiwa kuwa kampuni mbili. Mambo hayo hubaki kazi ya mkaguzi na ya mwandishi wa habari. Anayepokea mafaili haya asiishie kurekebisha nakala yake kimyakimya, bali aipeleke ripoti ya makosa kwa ofisi iliyoyatoa, ili orodha ya mwezi unaofuata itoke ikiwa sahihi kwa kila raia atakayeifungua.